Pedeli Isiyorudi

Wa kwanza kushuka alikuwa mwalimu, na mwalimu akishuka nani atabaki? Walikuwa abiria saba ndani ya Noah ya Salmini asubuhi ile, stendi ya Newala, ukungu umetanda hata mnara wa simu hauonekani, kila mtu amejikunyata ndani ya koti lake. Salmini aliingia, akafunga mlango, akakanyaga pedeli ya mafuta mara moja kama alivyofundishwa na marehemu baba yake, ndipo akazungusha ufunguo. Injini ikawaka. Kisha ikaanza kunguruma. Ilipanda, ikazidi kupanda, na Salmini alikuwa ameinua mguu juu kabisa, goti limegusa usukani, ili kila mtu aone kwamba hakuna mguu wa mtu pale chini.

"Dereva, toa mguu!" mama mmoja alipiga kelele.

"Nimeutoa, mama yangu. Hebu tazama mwenyewe."

Wakatazama wote. Hapo ndipo alipokosea. Abiria akiona dereva anakanyaga mafuta ovyo atamtukana tu, safari itaendelea. Akiona mafuta yanajikanyaga, atashuka.

Ngurumo ilikaa juu muda wa kutosha mtu kusoma Alhamdu. Halafu ikaanza kushuka yenyewe, polepole, kama mzee anayejishusha kwenye mkeka baada ya kutwa shambani, mpaka ikatulia. Mwalimu alikuwa ameshafungua mlango. Alikuwa kijana nadhifu, anafundisha sayansi sekondari, na kwa elimu yake ile ile alisema amekumbuka kitu nyumbani. Wenzake sita hawakujisumbua hata kutafuta uongo. Wa mwisho, mama mwenye kuku kwenye tenga, aliomba arudishiwe nauli yake huku akitazama chini.

"Si kwa ubaya, mwanangu," alisema. "Pole na msiba."

Hiyo pole ilimchoma Salmini kuliko nauli. Newala nzima ilijua kwamba gari lile ndilo lililompandisha baba yake, Mzee Mrisho, kutoka hospitali ya Ndanda, amelazwa juu ya viti, kafunikwa shuka. Tena ilijua kwamba kabla ya siku ile gari halikuwa na tabia hiyo.

*

Gari likirudi nyumbani saa mbili asubuhi, mke wa dereva hana haja ya kuuliza. Hajira aliendelea kushona sare ya shule kwenye cherehani chake barazani, akauliza hivyo hivyo.

"Walikuwa wangapi leo?"

"Saba."

"Na sasa?"

"Sasa nimekuja kunywa chai, mama Maryam."

Hata chai hakuimaliza. Mzee Jafari, kaka wa marehemu, aliingia akikohoa, akachagua kiti kizuri, akakaa. Baba Mkubwa Jafari alikuwa mtu wa kupenda vikao. Penye watu wawili yeye huona kikao, na penye kikao huona mwenyekiti.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Nimesikia ya stendi. Tangu tumzike ndugu yangu hii ni mara ya ngapi?"

"Kila penye baridi, Baba Mkubwa. Asubuhi nikiwasha. Na ule mteremko wa kwanza wa kushuka Masasi."

"Kila penye baridi," Mzee Jafari alirudia. "Kaburini nako kuna baridi." Akamgeukia Hajira. "Mkwe wangu, wewe ndiye unayeshinda humu ndani. Hujaona kitu?"

Cherehani kikanyamaza. Hajira hakuwa mwanamke wa fitina, na nalisema hili mapema ili asihukumiwe bure. Lakini alikuwa na hofu aliyoibeba peke yake zaidi ya mwezi mzima, na hofu ya namna hiyo ikipata mlango hutoka na vyote.

Alisema kwamba siku ya tatu baada ya mazishi, alfajiri, alipotoka kuchukua maji alimwona mama mkwe wake uani. Mjane wa siku tatu, aliye kwenye eda, ambaye hata dirishani hakutakiwa kusimama. Amejitanda kanga kuukuu, ameinama ndani ya gari, chupa mkononi. Kesho yake gari likanguruma kwa mara ya kwanza. Na tangu siku hiyo mama huficha mikono yake chini ya kanga, lakini Hajira aliiona alipompelekea uji: imeingia weusi, ngozi inabanduka.

"Na kila asubuhi," alisema, sauti imekwisha, "gari likinguruma pale uani, mama huliitikia. Namsikia. Anasema, 'Nimekusikia, Baba Salmini.'"

Salmini alimtazama mkewe kama mtu aliyemwagiwa maji. Mzee Jafari yeye alitikisa kichwa taratibu, ameridhika. Akaligeukia pazia la chumba cha mjane.

"Shemeji, umesikia?"

"Nimesikia," Bi Sikuzani alijibu kutoka ndani.

"Ulitoka siku hiyo?"

"Nilitoka."

"Ulifanya nini kwenye gari?"

Nje mtoto Maryam alikuwa akiimba wimbo wa shule, halafu naye akaacha.

"Hayo ni yangu na mume wangu," sauti ilisema.

Basi. Mwenye kusema uongo angejitetea, na mwenye hatia angelia, ila huyu hakufanya hata kimoja, na watu hawajui la kufanya na mtu wa hivyo. Mzee Jafari alisimama.

"Ijumaa ni arobaini. Tukimaliza hitma, atakwenda kwa kaka zake Mnyambe. Akae huko. Kuna mganga nitamleta aje aifungue gari."

"Baba Mkubwa, yuko kwenye eda. Mjane hatolewi nyumba ya mumewe," Salmini alisema.

"Na maiti haifungwi kwenye gari," Mzee Jafari alisema, akavaa kofia yake.

Salmini alilivuta pazia, akachungulia. Mama yake alikuwa amekaa uso kuelekea dirisha dogo la uani, mikono ndani ya kanga.

"Mama, sema neno moja tu nikutetee."

"Nenda kazini, mwanangu."

*

Jumatano alishuka Masasi peke yake, viti vyote vitupu nyuma yake. Alikuwa amejiapiza kuwa atazunguka gereji zote, na asipopata jibu atakubali la wazee. Siku mbili tu zilibaki.

Ulikuwa msimu wa kupuliza mikorosho. Pembezoni mwa barabara, ndani ya ukungu, watu walitembea na mashine za salfa mgongoni, wamefunga vitambaa usoni yamebaki macho tu, nguo zao na nyusi zao zimekuwa njano. Walisimama kumpisha. Hakuna aliyepunga mkono. Aliyafahamu mashamba yale tangu utoto lakini asubuhi ile hakumtambua mtu hata mmoja, na aliona kana kwamba wao wanamtambua na wanatazama viti vya nyuma.

Mteremko ulipoanza, pedeli ikabaki chini. Aliinua mguu, pedeli haikumfuata. Injini ilipiga kelele, kona ikamjia mbio. Akakanyaga klachi na breki, gari likayumba, likasimama likiunguruma pembeni ya korongo ambalo ukungu ulilifunika lote. Aliinama akaishika pedeli kwa mkono. Haikuwa imekwama kama chuma kinavyokwama. Ilivutana naye. Ilikuwa laini, inang'ang'ania, kisha ikamwachia kidogo kidogo, na ngurumo nayo ikashuka kwa pumzi ile ile ndefu.

Salmini alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na minne. Alilia pale.

"Baba," alisema, bila kutazama kioo, "kama una neno, sema nami. Mwache mama."

Mkanda wa kiti cha nyuma ulikuwa ukigonga dirisha, tik, tik, ingawa gari lilikuwa limesimama na hakukuwa na upepo.

Masasi kulikuwa na jua. Mafundi wa gereji ya kwanza walikanyaga pedeli mara ishirini, ikarudi mara ishirini, nyepesi kabisa. Gereji ya pili ikawa hivyo hivyo. Mmoja akamwuliza kama anatumia kilevi. Mwingine akamshauri abadilishe pampu, na alipoulizwa kwa nini akasema basi asibadilishe. Wakacheka. Salmini naye akacheka, maana mtu akichekwa mchana kweupe afanye nini.

Ni mlinzi wa gereji ya pili aliyemwambia kuna dada Ndanda, Oliva, ana kibanda chake cha ufundi karibu na barabara kuu. Salmini hakupenda. Kurudi Ndanda, alikofia baba yake, kwenyewe ilikuwa shughuli, na kukaguliwa gari na mwanamke ilikuwa shughuli nyingine. Alikwenda kwa sababu alikuwa amebakiwa na huyo tu.

Oliva alikuwa mwanamke mnene wa makamo, ovaroli imekunjwa mikono, miwani imefungwa kwa uzi. Hakufungua kitu. Alifuta mikono na kuuliza.

"Inafanya hivyo saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Mchana?"

"Mchana hapana."

"Hapa chini imewahi?"

"Hapa chini haijawahi. Ni kule juu tu, dada. Kwetu." Akamweleza yote, habari za baba, arobaini, mama na chupa.

Oliva alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka. "Gari inayoumwa Newala huwezi kuitibu Ndanda," alisema. "Nitapanda na wewe leo. Asubuhi iniumwie mbele ya macho yangu."

*

Alhamisi alfajiri ukungu uliingia mpaka barazani. Habari kwamba fundi wa kike amelala kwa Salmini ilikuwa imemfikia Mzee Jafari kabla ya adhana, naye alifika na tasbihi, akasimama mbali kidogo na gari. Hajira alisimama mlangoni. Nyuma ya dirisha dogo la uani kulikuwa na kivuli cha mtu aliyekaa.

"Usiwashe," Oliva alimwambia Salmini. "Ibonyeze tu. Kwa mkono."

Salmini aliibonyeza pedeli mpaka chini. Akatoa mkono. Wote wakaiona: imelala chini, imetulia, kama kuna mguu juu yake.

"La ilaha illallah," alisema Mzee Jafari.

Oliva alipiga magoti kwenye umande, akamulika chini ya usukani, kisha akainua kiti cha dereva na kifuniko cha injini. Aliufuata kwa kidole waya wa mafuta, ule unaotoka kwenye pedeli kwenda kwenye injini ndani ya mrija wake mweusi. Akanusa kidole. Akanusa tena.

"Wifi," alimwita Hajira, "kuna maji ya moto?"

Hajira akaleta maji ya moto kwenye chupa ya chai. Oliva aliyamimina maji kidogo kidogo juu ya mrija, mvuke ukapanda na kuchanganyika na ukungu. Kwa muda hakikutokea kitu. Halafu pedeli, pale chini, peke yake, bila mkono wala mguu, ilianza kuinuka. Iliinuka taratibu kama kitu kinachoamka, ikafika juu, ikagonga, tak. Mzee Jafari alirudi nyuma hatua tatu na tasbihi ikamdondoka. Hata Hajira, aliyemimina maji yale kwenye chupa kwa mikono yake mwenyewe, alihisi nywele zinamsimama.

"Mafuta ya korosho," alisema Oliva.

"Nini?"

"Mafuta ya maganda ya korosho, haya mnayopaka nguzo zisiliwe na mchwa. Mtu ameyamimina kwenye pedeli na kwenye waya, yakaingia ndani ya mrija." Akajifuta kidole haraka, maana mafuta hayo huchoma. "Kila kinachosogea kina chakula chake. Bawaba ya mlango inataka grisi. Waya mwembamba kama huu unataka oili nyepesi, matone mawili yanatosha. Haya ni ya mbao. Kwenye chuma yanageuka gundi. Penye joto yanalegea, penye baridi yanashika. Ndiyo maana Masasi walikuona mlevi." Akainua uso. "Sikuulizi kwa ubaya, lakini nani ameyaweka?"

Wote waligeuka kutazama dirisha. Hajira alishika mdomo. Mikono myeusi, ngozi inayobanduka! Amezaliwa kwenye mikorosho, amebangua korosho tangu ana miaka saba, ameungua mara ngapi na mafuta yale, na hakutambua. Kwa sababu haukuwa msimu wa kubangua korosho, na kwa sababu hofu ilikuwa imeshamchagulia la kuona.

"Ni mimi," Bi Sikuzani alisema kutoka dirishani. "Ni mimi niliyeyaweka."

Salmini akaenda akasimama chini ya dirisha. "Mama, kwa nini?"

"Tulipomtoa Ndanda, kichwa chake nilikipakata mimi. Wewe uliendesha. Ile pedeli ilikuwa inalia. Kila ukikanyaga, nyii, nyii, mpaka nyumbani."

"Mimi sikusikia, mama."

"Ulikuwa unalia mwenyewe, ungesikia nini? Mimi nilisikia. Nikasema, mwanamume huyu hakuwahi kuendesha gari inayolia. Miaka thelathini na kitu nimemshikia tochi akipaka mafuta yake. Mlango ukilia, mafuta ya korosho; baiskeli ikilia, mafuta ya korosho. Leo anapelekwa kaburini na gari inalia, na mimi nimekaa kimya. Siku ya tatu nikashindwa. Nikatoka, Mungu anisamehe, nikampakia mafuta. Kesho yake gari likaita. Mara ya kwanza nilidhani ni wewe. Halafu likashusha pumzi, vile alivyokuwa akishusha akikaa. Nikajua amenishukuru."

Mzee Jafari aliokota tasbihi yake, akaipangusa umande. Mwenyekiti mzuri hujua kikao kimemwishia wapi. "Basi ni mambo ya ufundi tu," alisema kwa sauti kubwa. "Mimi tangu mwanzo nilisema watafutwe mafundi." Hakuna aliyemkumbusha alichosema. Alikuwa mkubwa, na Mnyambe haikutajwa tena, si siku ile wala siku nyingine.

Oliva alikuwa ameshashika spana. Alitaka mafuta ya taa ya kuoshea, na oili nyepesi, ile yake ameisahau Ndanda. Hajira aliingia ndani mbio, akatoka na kichupa kidogo cha oili ya cherehani.

"Hii inafaa?"

"Hii ndiyo yenyewe, wifi. Ilikuwa humu humu ndani muda wote."

Alipoinama kuufungua waya, sauti ikatoka tena dirishani, safari hii ndogo, ya mtu anayeomba kitu ambacho anajua hastahili kuomba.

"Fundi. Haiwezi kukaa mpaka kesho?"

Oliva alinyanyua kichwa. Aliyatazama yale macho nyuma ya nondo za dirisha, na nafikiri yeye peke yake pale uani alielewa.

"Mama yangu," alisema, "jana nusura imwangushe mwanao korongoni."

"Basi osha," alisema Bi Sikuzani.

*

Ijumaa, siku ya arobaini, wanawake walikuwa wameshaanza kupika pilau ya hitma uani kabla ya mapambazuko. Salmini alitakiwa kushuka mapema kuwachukua jamaa wa Masasi. Ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Alikanyaga pedeli mara moja, kwa mazoea, akahisi inamsukuma mguu juu kama paka anayenyoosha mgongo. Akawasha. Injini ikawaka kwa sauti ndogo, ya adabu, hata mpishi aliyeinama karibu na tairi hakugeuka. Gari likatoka uani.

Hajira alisubiri taa zipotee, ndipo akachukua kikombe cha uji akaingia kwa mama mkwe wake. Usiku kucha alikuwa amejipangia maneno ya kuomba radhi.

Bi Sikuzani alikuwa amekaa pale pale, uso dirishani. Ameshanawa, ametandaza mswala, mikono yake yenye makovu ameiweka wazi magotini, hana tena haja ya kuificha. Midomo yake ilikuwa imefunguka kidogo, kama ya mtu anayengoja zamu yake ya kuitikia.

"Mbona Salmini hajawasha?" aliuliza. "Atachelewa kuwaleta watu."

"Amewasha, mama," Hajira alisema. "Ameshaondoka."

Mama mkwe alilisikiliza dirisha. Nje palikuwa na masufuria, na sauti za wanawake, na nyuma ya hayo ukungu usio na kitu ndani yake. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na mwanamke yule ambaye hakulia Ndanda, hakulia njiani wala jeneza lilipotolewa nyumbani, hata watu wakamsema kwa hilo, akalia kwa sauti mpaka wapishi wakaacha miko yao.

Hajira aliweka uji chini. Alikaa kwenye mkeka, akaishika mikono ile iliyoungua, mmoja baada ya mwingine, asiseme neno, kwa kuwa maneno yake alikwisha kuyatoa mahali pasipostahili.